Nilijifanya mtoto wa darasa la sita ili nimpeleleze mpwa wangu kwenye gemu

Wakuu, poleni na mihangaiko.

Humu mimi ni msomaji wa siku nyingi, ila uzi sijawahi kuanzisha. Nimeishia darasa la saba na naandika kwa kidole kimoja, kwa hiyo haya mnayosoma nimeyaandika kwa siku nne, kidogo kidogo, wakati wa mapumziko kazini. Majina nimebadilisha. Mambo yenyewe sijabadilisha, hata yale ya kunitia aibu, na ni mengi.

Nina miaka ishirini na tatu, nipo Mwanza, natengeneza sofa kwenye karakana moja huku Nyakato.

Nianze nyuma kidogo ili mnielewe.

Mimi ni mtu wa aibu, na si aibu ya kawaida. Nikifika dukani nikakuta watu wawili, nasubiri nje mpaka waondoke. Shuleni walimu walidhani sijui kusoma, kwa sababu nikisimamishwa sauti haitoki.

Mahali pekee nilipokuwa mtu kama watu ni kwenye banda la gemu.

Wale wa umri wangu mnayakumbuka. TV moja ya chogo, pedi mbili zimezungushiwa selotepu, mabenchi mawili, watoto ishirini. Sheria ilikuwa moja tu: ukifungwa, unampisha anayefuata. Hakuna cha mtoto wa tajiri wala mtoto wa mvuvi. Kelele sasa!

"Toka, mpishe mwanaume!"

"Umefungwa nne bado umekumbatia pedi, unainyonyesha?"

"Haya Bubu, ingia umnyoe huyu."

Bubu ndiyo mimi. Sikukasirika. Nilikuwa sisemi neno, lakini nikifunga goli benchi zima linaruka, mtu nisiyemjua ananipiga mgongoni. Nilijuana na watu kwa kuwafunga. Hata kazi ya sofa niliipata kupitia jamaa niliyekuwa nakaa naye benchi moja.

Kwa hiyo mtu akisema gemu zinaharibu watoto, mimi huwa nakataa. Mimi zilinitoa ndani.

Sasa twende kwenye kisa.

Mwaka jana nilihamia kwa dada yangu mkubwa, hukuhuku Nyakato. Dada ana duka la vitenge mjini, anarudi jioni amechoka. Shemeji ni dereva wa lori, nyumbani anaonekana mara moja moja. Wana mtoto mmoja, Kabula, ana miaka kumi na moja. Mimi nilikuwa nalala sebuleni, na chumba cha Kabula kimepakana na sebule.

Kabula ana kigugumizi. Si kikubwa sana, lakini akiharakishwa kinazidi.

Mazungumzo yetu ya siku nzima yalikuwa "Shikamoo mjomba" na "Marahaba." Baada ya hapo yeye anaingia chumbani na simu, mimi nabaki na ukimya wangu. Simu alinunuliwa na baba yake ili wawe wanaongea akiwa safarini.

Jumapili moja baada ya kanisa tulikwenda Igombe kwa bibi mzaa baba wa Kabula, kule ziwani. Binamu zake wapo wengi. Walikuwa wanacheza rede kwenye mchanga, mpira wa soksi unapiga huku na huku. Kabula akakaa barazani na simu, amevaa spika za masikioni.

Binamu mmoja akaja, amelowa jasho.

"Kabula, njoo basi, upande wetu tumepungukiwa."

"Che-chezeni tu. Mi niko na we-wenzangu."

"We-we-wenzako wako wapi?"

Wote wakacheka. Mimi nilikuwa pale pale, nimeshika kikombe cha chai. Nikanywa chai.

Dakika chache baadaye Kabula akaanza kucheka peke yake. Kicheko kikubwa mpaka machozi. Nyumbani sijawahi kumsikia akicheka hivyo.

Bibi akamwangalia, akaniangalia mimi. "Huyu anacheka na nani?"

"Na simu, bibi."

"Simu ina mtu ndani?"

Hapo ndipo shaka iliponiingia. Kwenye banda letu, aliyekuwa ananicheka nilikuwa namwona meno. Huyu anayemchekesha mpwa wangu ni nani?

Nikaanza kufuatilia.

Ile gemu ni ya kujenga. Kila mtoto ana kisiwa chake, anajenga nyumba, wenzake wanakuja kumtembelea, wanaandikiana au wanaongea kwa sauti. Rafiki yake mkubwa alikuwa anajiita Kamongo. Kwa wasio wa huku, kamongo ni samaki anayejificha kwenye tope. Jina tu lilinikaa vibaya.

Siku moja nilibaki nyumbani na homa. Kabula yuko shule, simu kaiacha mezani inachaji. Saa nne asubuhi ikalia. "Kamongo yuko kisiwani kwako." Saa tano ikalia tena. Nikajiuliza, mtoto gani wa shule anacheza gemu saa nne asubuhi siku ya Jumanne?

Siku nyingine nikaona yule mchezaji wa Kabula kwenye gemu amevaa gauni jipya. Wiki iliyofuata ana baiskeli. Alikuwa anamwonyesha mama yake: "Ka-Kamongo kanipa." Dada akasema "Hongera," huku anahesabu mikunjo ya vitenge.

Halafu siku spika za masikioni zilipochomoka kwenye simu, nikasikia sauti kupitia ukuta. Ya kiume. Si ya mtoto mdogo.

Wakuu, nyie mngefikiria nini? Mtu mwenye sauti nzito, hana shule, anampa zawadi mtoto wa kike wa miaka kumi na moja. Mimi nilishamaliza hesabu. Nikawa namwona Kamongo kichwani kabisa: jibaba la miaka arobaini, limekaa kwenye kochi mahali fulani.

Mtu mwenye akili angefanya nini? Angemwita dada, amwambie. Au angegonga mlango wa Kabula, amuulize, huyo Kamongo ni nani?

Mimi siwezi kugonga mlango. Nilisimama mbele ya ule mlango mara tatu, na mara zote tatu nikarudi kukaa. Nikajidanganya kwamba nikusanye ushahidi kwanza.

Nikapakua ile gemu.

Nikajiita Furu, kale kasamaki kadogo ka ziwani. Umri nikaandika kumi na mbili. Jina la kisiwa cha Kabula nilikuwa nalijua, nikaomba kuingia.

Akaandika: "we nani"

Nikaandika: "furu. niko la sita. butimba"

Uongo wangu wa kwanza huo, na ulitoka kirahisi ajabu. Mimi ambaye kumsalimia muuza maandazi ni kazi, kwenye ile gemu nilikuwa msemaji. Naandika polepole, lakini hakuna anayenitazama nikifikiria. Nikawa naingia saa kumi nikitoka karakana. Yeye yuko chumbani, mimi sebuleni, ukuta mmoja katikati. Ananiandikia "njoo unisaidie kujenga gati la mitumbwi," naenda.

Lengo lilikuwa nimchunguze Kamongo. Lakini Kamongo akiwepo alikuwa ananijibu kwa mkato, kama mtu anayenipima. Nami nikamshuku zaidi. Nilijisemea, mwizi hapendi mwizi mwenzake.

Ili Kabula aniamini, nilimpa mtumbwi nilioupata kwenye gemu baada ya siku nyingi za kucheza. Ndiyo, zawadi. Kitu kilekile kilichonifanya nimshuku Kamongo. Wakati ule sikuona kufanana kokote.

Na niseme ukweli wote kama nilivyoahidi: nilifurahia. Kabula anachekesha, wakuu. Akiandika hana kigugumizi. Alikuwa anaigiza bibi wa Igombe anavyogombana na kuku. Mimi nimelala kwenye sofa nimebana mdomo kwenye mto ili asinisikie.

Akaniambia mambo ambayo nyumbani hayajui mtu. Kwamba binamu zake wakimwita kucheza wanataka wamwige anavyoongea. Kwamba darasani wanamalizia maneno yake kabla hajayafikisha. Kwamba Kamongo hamalizii. "anasubiri mpaka nimalize," aliandika.

Nikamuuliza: "nyumbani je, uko na nani"

"mama. baba yuko safari. na mjomba"

"mjomba yukoje"

Akachelewa kujibu. Nikasikia kitanda chake kinalia upande wa pili wa ukuta.

"haongei. ananiangalia tu. juzi nimeona miguu yake chini ya mlango wangu, amesimama. namuogopa"

Nilisoma ule ujumbe mpaka skrini ikazima.

Ile ilikuwa ni mimi na zile safari zangu tatu za kwenda kugonga mlango.

Hapo ndipo ningetoka. Ningefuta akaunti nikae mbali. Lakini liliniuma, nikataka nijitetee. Nikaandika: "labda ana aibu tu, si mtu mbaya"

"we unamjuaje"

Nikababaika. Nikataka kugeuza mazungumzo. Na bado kichwani nilikuwa mpelelezi, nikaona bora nimjaribu nione kama mtoto huyu anatoa siri za nyumba kwa watu asiowajua. Nikaandika:

"mama yako anarudi saa ngapi"

Hakujibu. Akatoka kwenye gemu.

Kesho yake nilirudi kutoka kazini nikamkuta dada nyumbani. Saa kumi na nusu, duka kalifunga. Dada huwa hafungi duka hata akiumwa. Yuko sebuleni, simu ya Kabula mkononi. Kabula amesimama kwenye mlango wa chumba chake.

"Kaa hapa, mdogo wangu," dada akasema. "Kuna mshenzi anamfuata mwanangu kwenye gemu."

Nikakaa.

"Anajiita Furu. Anajifanya mtoto, anampa vizawadi. Jana kamuuliza mtoto, mama anarudi saa ngapi. Unasikia? Mama anarudi saa ngapi!"

"Nani... nani kakwambia?"

"Kabula mwenyewe, leo asubuhi. Huyo rafiki yake Kamongo ndiye kamshtua. Kamwambia huyo si mtoto, kamwambie mama yako leo leo."



"Wewe umekulia kwenye mabanda ya gemu," dada akaendelea. "Haya mambo unayajua. Nisaidie tumkamate. Shemeji yako nimempigia, anasema kesho asubuhi polisi. Na hii simu naivunja. Hakuna cha Kamongo wala Furu. Akacheze nje kama watoto wa watu."

Naomba muone nilivyokuwa. Kufuta akaunti ya Furu ni kubonyeza mara mbili. Simu yangu ilikuwa mfukoni. Ningeingia chooni nikatoka Furu hayupo duniani. Dada hangejua maisha. Simu ingevunjwa, Kamongo angeondoka, na lile nililolitaka tangu Igombe lingekuwa limetimia bila mimi kufungua mdomo.

Nilishasimama, wakuu. Sitaki kuwadanganya. Nilishapiga hatua mbili kuelekea chooni.

Kabula akaniita.

"Mjo-mjomba."

Nikageuka. Tangu nihamie pale hajawahi kuniita, zaidi ya shikamoo.

"Mwa-mwambie mama. Ka-Kamongo hana ko-ko..."

Dada akasema, "Hana kosa, tumesikia, nyamaza."

Kabula akanyamaza. Lakini macho hakuyatoa kwangu. Alikuwa ananiogopa na bado ananiomba mimi, kwa sababu hakukuwa na mwingine mle ndani wa kumwomba.

Nilifungua mdomo. Sauti haikutoka. Kama shuleni vile vile.

Nikatoa simu. Nikaingia kwenye gemu nikiwa nimesimama katikati ya sebule, nikaandika kwa kile kidole kimoja, na dada ananiuliza, "Sasa wewe unachati na nani saa hizi?"

Simu ya Kabula ikalia mkononi mwake.

Akasoma. Nilikuwa nimeandika: "furu ni mimi mjomba. nisameheni"

Alisoma, akaniangalia, akasoma tena. Angepiga kelele ningeshukuru. Hakupiga.

"Ni wewe?"

Nikatikisa kichwa kukubali.

"Mwanangu amelala kwangu jana usiku anatetemeka. Ni wewe?"

"Nilikuwa namshuku Kamongo, dada."

"Ulikuwa unamshuku Kamongo, ukafanya unayodhani Kamongo anayafanya." Sauti yake ilikuwa ya chini sana. "Mimi niko hapa kila jioni. Mtoto yuko hapo, hatua nne. Ana mdomo. Wewe una mdomo. Mlikosa nini?"

Jibu la swali hilo nalitafuta hadi leo.

Kabula aliingia chumbani akafunga mlango. Nikasikia funguo.

Dada alisoma chati zote, kuanzia ya kwanza hadi ya mwisho. Ilimchukua muda mrefu, mimi nimesimama. Mahali fulani nilimwona anataka kutabasamu, nadhani ni pale pa bibi na kuku, halafu akakumbuka ni nani anaandikiwa. Kila neno alilipima. Alipomaliza akasema, "Neno baya sijaliona. Ndiyo maana siendi polisi. Lakini leo hulali hapa."

Nilifungasha. Yule jamaa yangu wa karakana alinipokea, ana chumba Buzuruga. Shemeji alinipigia simu mara moja, sitaandika aliyosema. Alikuwa na haki.

Kuhusu Kamongo, dada alifanya kwa dakika kumi kile nilichoshindwa kwa miezi miwili. Alimwambia Kabula, "Mwambie rafiki yako ampe mama yake simu." Akapewa. Mwanamke wa Musoma, wakaongea kwa video. Kamongo ni mvulana wa miaka kumi na tatu, sauti ndiyo imeanza kuvunjika. Alivunjika mguu, yuko nyumbani na plasta, ndiyo maana saa nne asubuhi yuko kwenye gemu. Zile zawadi alizipata kwa kucheza kutwa nzima, akawa anamgawia rafiki.

Hayo ni maneno ya mama yake. Mimi kwa moyo wangu, nusu imekubali, nusu bado inasema, plasta gani hiyo? Ugonjwa huu wa kushuku hauponi kwa siku moja. Ila sasa nikishuku namwambia dada, kwa mdomo, hata kama nitachukua nusu saa.

Simu haikuvunjwa. Kabula anacheza sebuleni, mlango wazi, na Jumapili sasa anaruhusiwa kuongea na Kamongo kwa video, mama wote wawili wapo.

Mimi dada aliniruhusu kwenda kula nao Jumapili baada ya wiki kama sita. Nakaa kiti cha karibu na mlango wa nje. Hajaniambia nikae hapo, nimejichagulia.

Jumapili ya pili dada alikuwa anakaanga sangara, Kabula yuko mkekani na simu. Akanigeukia ghafla.

"Mjomba. Zi-zile siku. Ulivyokuwa una-una..."

Nilijua neno. Lilikuwa mdomoni mwangu tayari. Nilibana meno nikasubiri. Mafuta yanachemka jikoni, dada naye kaacha kugeuza samaki, najua anasikiliza.

"...una-andika hahaha. U-ulikuwa unacheka kweli?"

"Kweli," nikasema. "Nilikuwa nabana mdomo kwenye mto."

"Mbona hapa nyumbani hu-hucheki?"

"Sijui. Naogopa."

"Unamwo-gopa nani?"

"Wote. Hata wewe."

Akaniangalia, kama anapima iwapo hilo nalo ni uongo. Halafu akarudi kwenye simu yake. Hakusema amenisamehe. Lakini pia hakuhama pale mkekani.

Ndiyo hivyo wakuu.

Nilichojifunza nakisema kwa kifupi maana kidole kimechoka. Gemu zimebadilika, ni kweli. Sisi TV ilikuwa moja, ilibidi tubanane tu. Leo kila mtoto ana kioo chake, na anayecheza naye humwoni. Kwa hiyo shukuni, sisemi msishuku. Furu alikuwa mtu mzima aliyedanganya umri, na walioligundua ni watoto wawili, si mimi mpelelezi. Lakini kabla hujaingia kwenye simu ya mtoto kwa jina la bandia, jaribu kumuuliza akiwa mbele yako, halafu msubiri amalize.

Najua kuna atakayesema hata hapa nimejificha nyuma ya jina la bandia kuongea. Ni kweli. Hapa naweza, pale kwenye mkeka bado najifunza.

Sasa naomba maoni, hasa wenye watoto wa kike. Mngekuwa dada yangu, mngenirudisha kulala ndani ya nyumba ile? Msinionee huruma, semeni mnavyoona. Nitasoma zote, na nitajibu, ila mnivumilie, naandika polepole.